Kushikiza mfarishi wa viraka kwa uji wa wanga: mwongozo kwa washonaji wa Nyanda za Juu Kusini

Kipupwe kikiingia Nyanda za Juu Kusini, blanketi moja halitoshi. Asubuhi za Juni na Julai majani ya Njombe na Makete huamka yamefunikwa na sakitu, na hata Mbeya mjini, iliyo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, watu hulala na soksi. Mfarishi wa viraka ni kinga nzuri ya baridi hiyo, na hauli fedha nyingi: mabaki ya vitambaa kwa fundi, mashati ya mtumba, kitenge kilichochakaa pindo tu, na katikati blanketi jembamba la kuzuia baridi.

Kuunga viraka wengi wanakuweza. Tatizo huanza baada ya hapo. Uso wa viraka umekamilika, tabaka la kati lipo, kitambaa cha mgongo kipo, na yote matatu yanatakiwa yashonwe pamoja bila kuhama. Ukiyapeleka kwenye cherehani hivyo hivyo, la juu linasogea mbele, la chini linabaki nyuma, na ukigeuza unakuta mgongo umeshonewa mikunjo. Kufumua mikunjo hiyo kwenye mfarishi wa kitanda kizima ni kazi ya kukatisha tamaa.

Washonaji wa zamani walipiga bandi: mishono mirefu ya mkono, kutoka kona hadi kona, inayotolewa mwishoni. Bandi ni nzuri na sitaidharau, ila inakula jioni nyingi. Pini nazo zinafaa, lakini mfarishi wa kitanda unahitaji pini nyingi sana, na kila ukizifikia lazima usimamishe cherehani uzitoe. Kuna gundi za kopo za kupuliza zilizotengenezwa kwa kazi hii, ambazo ni ghali na si za kutegemea kuzikuta sokoni. Wanga uliopikwa ukawa uji mwepesi unafanya kazi ileile. Unashika matabaka yasihame mpaka umalize kushona, kisha unatoka wote kwenye maji. Hiyo ndiyo sifa ya kwanza ya kuangalia katika gundi yoyote ya kushikiza: je, itatoka? Nguvu ya kushika inakuja baadaye, kwa sababu kinachoshika mfarishi miaka yote ni uzi.

Gundi gani itumike

Wanga wa viazi mviringo ndio chaguo langu la kwanza, na kwa watu wa Uporoto, Njombe au Makete hauhitaji kwenda dukani. Uji wake unakuwa mwororo, hauachi mabonge, na unafulika vizuri kuliko wa unga wa ngano. Wanga wa muhogo ni mzuri vilevile. Unga wa ngano ndio rahisi kupatikana kuliko vyote, na watoto wanaujua kwa kubandikia karatasi, lakini una protini inayofanya uji uwe wa kunata zaidi na mgumu kidogo kutoka. Utumie ukiwa mwepesi na uchujwe.

Gundi nyeupe ya shule, ile ya chupa inayouzwa maduka ya vifaa vya ofisi, inatumika pia, kwa sharti moja: iwe ya aina inayotoka kwa maji ikishakauka. Si zote zinazotoka. Soma chupa, kisha usiiamini chupa mpaka umefanya jaribio nitakaloeleza hapo chini.

Sasa zile za kukaa nazo mbali. Gundi ya mbao ya mafundi seremala ni nyeupe na inafanana sana na ya shule, lakini ikikauka haitoki tena, na mfarishi utabaki na mistari migumu maisha yake yote. Gundi ya viatu inaacha madoa ya njano, mvuke wake si mzuri kwa mapafu, na inashika moto haraka, jambo la hatari kwenye nyumba yenye jiko la mkaa. Supaglu ndiyo mbaya kuliko zote kwa kazi hii: ikigusa pamba inapata joto ghafla, inaweza kutoa moshi na kuunguza ngozi. Hata tone moja lisisogezwe karibu na kitambaa cha pamba.

Kupika uji

Kama unatumia viazi, chukua vikubwa vitatu au vinne, vimenye, vikwangue kwenye kikwaruzo juu ya beseni la maji safi. Koroga, kisha kamua kwa kitambaa chepesi. Machicha yabaki kwenye kitambaa, maji yarudi kwenye beseni. Acha yatulie kama saa moja. Chini utakuta wanga mweupe umeketi mzito. Mwaga maji ya juu taratibu, weka mengine safi, koroga, acha utulie tena. Ukifanya hivyo mara mbili wanga unakuwa mweupe kabisa, na weupe huo ni muhimu kwa sababu maji ya viazi ambayo hayakuondolewa yanageuka kahawia na yanaweza kuacha doa kwenye kitambaa cheupe.

Kipimo: kijiko kimoja cha chakula cha wanga mkavu kwa kikombe cha mililita 250 za maji. Wanga mbichi uliotoka kwenye beseni sasa hivi uwe vijiko viwili, kwa kuwa una maji mengi ndani yake. Unga wa ngano nao ni vijiko viwili. Koroga kwanza kwenye maji ya baridi mpaka pasiwe na bonge lolote, halafu ndipo uweke jikoni kwenye moto mdogo. Usiache kukoroga. Kwa mwinuko wa Mbeya maji huchemka kwenye nyuzi kama 94 tu badala ya 100, ndiyo maana maharage huchelewa kuiva huku juu, lakini wanga hauchelewi: wa viazi huanza kuvimba kwenye nyuzi 60 hivi. Utaona uji unaacha weupe wa maziwa na kuanza kung'aa. Ukishang'aa na kuchemka kidogo, ipua.

Uji ukiwa sawasawa unamwagika kwenye kijiko kwa wepesi kama uji wa mgonjwa. Ukisimama kwenye kijiko, ongeza maji ya moto. Uchuje kwa chujio la chai, uache upoe kabisa. Usitie sukari, usitie chumvi. Sukari inaita sisimizi, chumvi inavuta unyevu na kuchelewesha kukauka.

Kwa mfarishi wa kitanda cha futi 4 kwa 6, vikombe vitatu vinatosha. Pika wa siku hiyo tu. Uji huu haukai, na ukianza kunuka uchachu umwage, usijaribu kuuokoa.

Jaribio la kipande

Hapa ndipo washonaji wengi wanaruka, na hapa ndipo pa kukaa.

Kata vipande vidogo vya kila kitambaa ulichotumia, hasa vitenge vyenye rangi nzito na mashati mekundu au ya buluu iliyoiva. Paka gundi uliyochagua, bandika kwenye kipande cha tabaka la kati, piga pasi, acha kikauke mpaka kesho yake. Kisha loweka kwenye maji ya vuguvugu nusu saa, fua kwa sabuni, anika. Kikikauka, angalia mambo matatu. Je, kimerudi kuwa laini? Je, kuna alama mahali gundi ilipokuwa? Je, rangi imetoka na kuingia kwenye kitambaa cha jirani?

Kama kitambaa kimebaki kigumu, gundi hiyo haifai, hata kama chupa yake inasema vingine. Kama rangi imetoka, tatizo ni kitambaa, na kifuliwe peke yake mpaka maji yawe meupe kabla hakijaingia kwenye mfarishi. Vitenge vipya vifuliwe kwa vyovyote, kwa sababu vingi vinatoka kiwandani na wanga wake wa kukisimamisha kitambaa, na vikifuliwa vinarudi kidogo. Ukishona kitenge kipya pembeni ya shati lililofuliwa mara mia, siku ya kwanza ya kufua kimoja kitasinyaa na kingine kitabaki.

Kuandaa matabaka matatu

Kitanda cha futi 4 kwa 6 kinahitaji mfarishi wa kama sentimita 180 kwa 215 ili uteremke pembeni. Mgongo uwe mkubwa kuliko uso kwa sentimita 10 kila upande, yaani 200 kwa 235. Vitenge vingi vina upana wa sentimita 115 hivi, kwa hiyo mapande mawili ya sentimita 235 yakiungwa ubavu kwa ubavu yanatosha, na kitenge cha yadi 6 kinatoa yote mawili na kubakiza kidogo. Mshono wa kuunga ulazwe kwa pasi ukiwa wazi pande mbili, usiulaze upande mmoja ukatengeneza tuta.

Tabaka la kati liwe blanketi jembamba la mtumba au faiba wanayotumia mafundi makochi. Blanketi ndilo ninalolipenda kwa uji wa wanga, kwa kuwa linashika vizuri na halisogei. Likiwa la sufu lifue kwanza kwa maji ya vuguvugu ili lisinyae sasa, lisije likasinyaa ndani ya mfarishi. Faiba ni nyepesi na ina joto, ila wanga unaishika kwa shida kidogo, na pasi ya moto inaiyeyusha. Pasi isiiguse faiba hata mara moja.

Tafuta sakafu ya saruji iliyofagiliwa na kupigwa deki, au unganisha meza mbili. Tandaza mgongo, upande wa maua ukiangalia chini. Uvute pembe kwa pembe mpaka mikunjo iishe, kisha ubandike kingo zake sakafuni kwa selotepu pana. Unyooke bila kuvutwa sana, maana kitambaa kilichovutwa kitarudi ukishakiachia, na kitarudi na viraka vyako.

Juu yake laza tabaka la kati, ulipapase kwa viganja kutoka katikati kwenda nje. Juu kabisa laza uso, maua yakiangalia juu, uliopigwa pasi vizuri na nyuzi zote zinazoning'inia zikiwa zimekatwa. Hakikisha mgongo unaonekana pande zote nne. Kazi hii iwe ya watu wawili. Mwite dada, binti au mama jirani asimame upande wa pili, kwa sababu mikono minne inanyoosha shuka kwa namna ambayo miwili haiwezi.

Kubandika

Kunja nusu ya uso pamoja na nusu ya tabaka la kati, uvirudishe mpaka katikati ya mfarishi. Sasa nusu ya mgongo iko wazi. Chovya brashi ndogo ya rangi kwenye uji, ikung'ute, upake mistari myembamba ya kukatizana kama miraba, nafasi ya sentimita 12 hadi 15 kati ya mstari na mstari. Mstari uwe mwembamba kiasi cha kulowesha kitambaa bila kuacha uji unaosimama juu yake. Usipake mgongo mzima. Mistari inatosha, inakauka upesi, na ndiyo itakayotoka kwa urahisi siku ya kufua.

Rudisha tabaka la kati peke yake, polepole, mmoja akishika huku na mwingine kule, mkililaza kuanzia katikati. Papasa. Kisha paka mistari juu ya tabaka la kati, urudishe uso juu yake. Kama tabaka la kati ni faiba, uji upakwe nyuma ya kitambaa cha uso, usipakwe kwenye faiba, kwa kuwa faiba inaumeza na hakuna kinachobaki cha kushika.

Ukiona mkunjo, inua sehemu hiyo sasa hivi na uilaze upya. Wanga mbichi unakupa muda huo. Nusu ya kwanza ikikamilika, hamia upande wa pili ufanye vilevile. Mwisho, paka mstari mmoja kuzunguka kingo zote, sentimita moja na nusu kutoka ukingoni, maana kingo ndizo huanza kufunguka mfarishi unapokunjwa kwenda cherehanini.

Kwa gundi ya shule, utaratibu ni huohuo, ila toboa kifuniko cha chupa kitundu kidogo na uchore mistari membamba sana, au uizimue kwa maji kiasi sawa na gundi yenyewe. Nukta nene za gundi hiyo zikikauka zinakuwa ngumu kama plastiki na zinaganda kwenye sindano.

Kisha pasi. Pasi ya umeme iwe joto la kati, ya mkaa isubiriwe ipoe mpaka isiweze kuunguza kitambaa cheupe, na majivu yakung'utwe nje. Usivute pasi, iweke, inyanyue, iweke pengine, kuanzia katikati. Kama ndani kuna faiba, tanguliza kitambaa kikavu juu na usikae mahali pamoja.

Kukausha

Acha mfarishi ulale palepale sakafuni mpaka ukauke. Usiuanike kwenye kamba ungali mbichi: uzito wake utavuta matabaka na kazi yote ya kunyoosha itapotea. Kiangazi cha Iringa hewa ni kavu na usiku mmoja kwa kawaida unatosha, ila vumbi ni jingi, funika kwa shuka. Wakati wa mvua, kati ya Novemba na Aprili, na hasa upande wa Tukuyu ambako unyevu haukatiki, upe mfarishi siku mbili na ufungue madirisha mchana. Wanga uliokaa na unyevu unaota ukungu, na ukungu kwenye kitambaa ni doa lisilotoka.

Tafadhali usilale kwenye chumba kilichofungwa na jiko la mkaa eti mfarishi ukauke. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na inaua watu wakiwa usingizini. Jiko likae nje, mfarishi usubiri.

Kushona

Ukishakauka, mfarishi utakuwa umesimama kidogo, na huo ndio msaada wenyewe. Tumia sindano namba 14, au 16 kama blanketi ni zito. Refusha mshono ufike milimita 3. Cherehani nyingi za kukanyaga zina skrubu juu ya nondo ya mguu unaokandamiza kitambaa; ilegeze kidogo ili mguu usisukume tabaka la juu. Anza na mstari wa katikati, kisha nusu ya kulia, halafu ya kushoto, ukitoka ndani kwenda nje kila mara. Mistari iliyonyooka, yenye nafasi ya kiganja au pungufu, inatosha kabisa kwa mfarishi wa kutumia. Futa sindano kila baada ya mistari michache kwa kitambaa chenye unyevu.

Anayeshona kwa mkono nitamshauri tofauti. Kitambaa chenye wanga kinasukuma sindano na vidole vinauma. Paka uji kwenye kingo tu, katikati piga bandi kama zamani.

Shona mapema, ndani ya siku chache. Panya na mende wanapenda wanga kuliko wanavyopenda kitambaa, na mfarishi uliobandikwa ukawekwa kabatini unaalika wote wawili. Ukilazimika kusubiri, uning'inize mahali pa wazi, pakavu.

Kufua

Mfarishi ukishashonwa na kuwekewa pindo, ufue kabla haujalaliwa na mtu. Loweka nusu saa hadi saa nzima kwenye maji ya vuguvugu, ukigeuza mara mbili tatu, kisha mwaga. Maji hayo yatakuwa ya utelezi, ndiyo wanga unaotoka. Fua kwa sabuni ya unga, au sabuni ya mche iliyokwanguliwa, ukikanyaga ndani ya beseni kubwa badala ya kusugua. Suuza mpaka maji yasiwe na utelezi. Wa mtoto mchanga ufuliwe mara mbili.

Ukamue kwa kukandamiza, usiunyonge. Uanike juani ukilazwa juu ya kamba mbili au tatu ili uzito ugawanyike, na jioni uingize ndani hata kama bado una unyevu, uutoe tena kesho, kwa sababu umande wa huku juu unarudisha maji yote usiku. Ukikauka, pitisha kiganja juu ya uso mzima. Ukikuta sehemu ngumu, ni wanga uliobaki: loweka sehemu hiyo tu kwenye maji ya vuguvugu, ifikiche kwa vidole, suuza.